Skeiti ni Mchezo Kamili, Wapeni Vijana Sakafu

Fedha za michezo zinapogawanywa, mpira wa miguu hupata fungu lake, riadha hupata lake, voliboli na raga zikagawana kinachobaki. Skeiti haimo. Ikitajwa, hutajwa na askari wa trafiki anayelalamikia vijana waliodandia nyuma ya matatu, au na mzazi anayeuliza kwa nini mwanawe wa miaka 16 bado anavaa viatu vya magurudumu. Sababu zinazotolewa zimezoeleka mno hata hakuna anayezihoji: skeiti ni mchezo wa watoto, ni mchezo wa Wazungu na wa nchi za baridi, ni wa wenye nacho, na wale wanaoucheza barabarani ni wahuni. Nimezisikia kwa walimu wa michezo, kwa watangazaji wa redio na kwa watu ninaowaheshimu sana. Nazikataa zote nne.

Kwanza zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Mtu yuleyule atakuambia skeiti ni anasa ya watoto wa matajiri, na kabla hajamaliza chai yake atakuambia ni vurugu za vijana wasio na kazi. Anayesema hivyo mara nyingi hajawahi kusimama hata nusu saa akautazama mchezo wenyewe.

Jumapili alasiri magari yanapopungua katikati ya jiji la Nairobi, ukifika Aga Khan Walk utayaona haya. Vikombe vya plastiki vimepangwa kwa mstari mmoja ulionyooka, hatua moja kati ya kimoja na kingine, na msichana anapita baina yake kwa mguu mmoja, ule mwingine ameuinua mbele, asiangushe hata kimoja. Pembeni yake kijana amekaa chini, amefungua magurudumu yote manane ya skeiti zake. Kila gurudumu lina beringi mbili. Anazitoa moja moja, anaziosha kwa mafuta ya taa ndani ya kifuniko cha chupa, anazipangusa, anadondosha mafuta ya cherehani, anazizungusha kwa kidole huku akizisogeza sikioni asikie kama bado zina mchanga. Magurudumu yaliyolika upande wa ndani anayahamishia mguu wa pili ili yalike sawasawa. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Kijana anayetunza vifaa vyake namna hii ni mwanamichezo, na angekuwa amevaa njumu za mpira hakuna ambaye angembishia.

Nije sasa kwenye hili la utoto. Chama cha kimataifa cha skeiti ya barafu, ISU, kiliundwa mwaka 1892 huko Scheveningen, Uholanzi. FIFA ilikuja mwaka 1904, na shirikisho la kimataifa la riadha mwaka 1912. Yaani skeiti ilikuwa na chombo chake cha dunia miaka 12 kabla ya mpira wa miguu, na miaka 20 kabla ya mbio tunazojivunia. Olimpiki ya London ya mwaka 1908 ilikuwa na mashindano ya skeiti ya sanaa juu ya barafu ya kutengenezwa, miaka 16 kabla ya Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi kufanyika Chamonix mwaka 1924. Aliyechukua dhahabu ya wanawake London ni Madge Syers. Huyu mama mwaka 1902 alijiandikisha kwenye mashindano ya dunia pamoja na wanaume, kwa kuwa kanuni hazikusema popote kwamba mwanamke haruhusiwi, na akashika nafasi ya pili nyuma ya Ulrich Salchow wa Sweden, bingwa ambaye jina lake limebaki kwenye mojawapo ya miruko ya mchezo huo hadi leo. Hapo tunazungumza juu ya watu wazima, walioshindana kwa kanuni zilizoandikwa, mbele ya waamuzi, zaidi ya karne moja iliyopita.

Kwa Mkenya anayejua mbio, mfano unaotosha ni Eric Heiden. Katika Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980 Mmarekani huyu alishinda mbio zote tano za skeiti za wanaume: mita 500, 1,000, 1,500, 5,000 na 10,000. Mita 500 alizimaliza kwa sekunde 38.03. Mita 10,000 alizimaliza kwa dakika 14 na sekunde 28.13, rekodi ya dunia wakati huo. Ukipima kwa muda ambao mwili unafanya kazi, ni kama mkimbiaji mmoja ashinde mita 400 na mita 5,000 katika michezo ileile, na zote zilizo katikati. Sisi tunaojua tofauti ya miguu ya mbio fupi na ya mbio ndefu tunapaswa kuwa wa kwanza kuvua kofia.

Tena mbio hizo hukimbiwa katika mkao ambao wengi wetu hatuuwezi hata tukiwa tumesimama mahali pamoja. Kunja magoti kama mtu aliyekalia kigoda, laza mgongo uwe sambamba na ardhi, kaa hivyo dakika mbili, mapaja yako yatakueleza kilichobaki. Mwanaskeiti hukaa hivyo huku akisukuma kwa mguu mmoja kuelekea ubavuni, anapishanisha miguu kwenye kona, na kwenye barafu mwendo wake hupita kilomita 50 kwa saa. Misuli iliyobanwa kwa mkao ule hupata damu kwa shida, ndiyo maana mwisho wa mbio unawaona wameshika magoti hawawezi kunyanyuka.

Najua jibu litakalokuja. Watanikumbusha kwamba skeitibodi ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo mwaka 2021, medali ya dhahabu ya wanawake ya mtindo wa mtaani ilikwenda kwa Momiji Nishiya wa Japani mwenye miaka 13, na fedha kwa Rayssa Leal wa Brazil, naye miaka 13. Ni kweli. Lakini katika Olimpiki hiyohiyo Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini alishindana akiwa na miaka 46, na Paris mwaka 2024 Andy Macdonald aliiwakilisha Uingereza akiwa na miaka 51, huku Zheng Haohao wa China akiwa na miaka 11. Mazoezi ya viungo na uogeleaji vimewahi kutoa mabingwa wadogo vilevile na hakuna aliyeviita michezo ya kitoto. Kwangu mimi, mchezo unaoweza kumweka binti wa miaka 11 na mzee wa miaka 51 katika Olimpiki moja una jambo ambalo michezo mingine ingelitamani.

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma zaidi: kwamba huu ni mchezo wa Wazungu, wa barafu na theluji, na sisi tumeuiga tu.

Chimbuko la skeiti ni njaa na umbali. Maelfu ya miaka iliyopita, watu walioishi kaskazini mwa Ulaya, penye maziwa yanayoganda kama kule kusini mwa Finland, walitoboa mifupa ya miguu ya farasi na ng'ombe, wakaifunga chini ya viatu kwa kamba za ngozi, wakajisukuma kwa fimbo. Hawakuwa wakistarehe. Mwenye mifupa hiyo alivuka ziwa badala ya kulizunguka, akafika kwenye chakula akiwa hajamaliza nguvu zake. Chuma kilikuja baadaye Uholanzi, ambako mifereji ikiganda iligeuka barabara za kwenda sokoni. Hadi leo watu wa jimbo la Friesland wana mbio yao ya miji 11, Elfstedentocht, takriban kilomita 200 kwa siku moja juu ya barafu ya asili. Ilianza rasmi mwaka 1909 na imefanyika mara 15 tu, kwa kuwa lazima barafu iwe nene njia nzima. Ya mwisho ilikuwa Januari 1997. Ile ya mwaka 1963 ilianzwa na watu karibu 10,000 katika baridi kali na upepo, wakamaliza wasiofika 150. Na mabingwa wake ni akina nani? Evert van Benthem, aliyeshinda mwaka 1985 na 1986, alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Henk Angenent, mshindi wa mwaka 1997, alikuwa mkulima wa mboga. Anayesema skeiti ilizaliwa kwenye kumbi za matajiri aeleze wafugaji na wakulima hawa walitokea wapi.

Magurudumu nayo yana historia yake. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja Mbelgiji, John Joseph Merlin, aliingia kwenye karamu ya watu wakubwa London katika miaka ya 1760 akiwa amevaa viatu vya magurudumu huku akipiga fidla, akashindwa kusimama na kugonga kioo cha thamani kubwa. Viatu vya aina ile vilikwenda mbele tu. Aliyevifanya vipinde kona ni Mmarekani James Plimpton, mwaka 1863: aliweka magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, akatia mpira kati ya ekseli na bamba la kiatu, hivi kwamba mtu akiinamia upande mmoja, magurudumu yanageuka kuufuata. Hadi leo skeiti za magurudumu manne na skeitibodi zinapinda kona kwa wazo lilelile. Tangu siku ile barafu haikuhitajika tena. Kilichohitajika ni sakafu.

Na penye sakafu, watu wa nchi za joto wamewapita wa baridi. Colombia iko juu ya ikweta kama sisi. Ndiyo nchi inayotawala mbio za skeiti za magurudumu duniani. Miaka nenda miaka rudi inarudi nyumbani na medali nyingi kuliko Wataliano, Wakorea na Wamarekani. Haikufika hapo kwa theluji. Miji yake mingi, Cali, Medellín, Barranquilla na hata ile midogo, ilijenga njia za mviringo za lami au zege laini zilizoinuliwa kidogo konani, watoto wakaingizwa kwenye klabu wakiwa wadogo, makocha wakalipwa. Mwaka 2021 mashindano ya dunia yalifanyika Ibagué, mji ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia. Katika Olimpiki ya Vijana ya Buenos Aires mwaka 2018, mbio za skeiti zilipowekwa kwenye ratiba, Wacolombia ndio waliochukua dhahabu.

Kama Colombia ni mbali, basi tuangalie majirani. Msumbiji, nchi ambayo pwani yake ya kaskazini inazungumza lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, ilimaliza ya nne duniani katika hoki ya magurudumu mwaka 2011 huko San Juan, Argentina. Ya nne duniani! Ni timu ngapi za mpira za Afrika Mashariki zimewahi kufika hapo? Angola nayo iliandaa mashindano ya dunia ya hoki hiyo mwaka 2013, katika miji ya Luanda na Namibe, ya kwanza kufanyika Afrika. Wareno ndio walioleta mchezo ule, kama Waingereza walivyotuletea mpira wa miguu, na hakuna Mkenya wala Mtanzania anayesema mpira si wake kwa sababu ya aliyeuleta.

Wanaosema skeiti si ya Mwafrika hawajui wanarudia maneno ya nani. Mabel Fairbanks, binti Mweusi wa Marekani, alifukuzwa mlangoni kwenye ukumbi wa barafu wa New York katika miaka ya 1930 kwa sababu ya rangi yake. Alijifunza hivyo hivyo, akawa mwalimu, akafungulia wengine mlango, na mwaka 1997 akawa Mwafrika wa kwanza wa Marekani kuingizwa katika orodha ya heshima ya skeiti ya nchi hiyo. Mwaka 1963 Mweusi mwenzake wa Chicago, Ledger Smith, alivaa skeiti za magurudumu akateleza hadi Washington, zaidi ya kilomita 1,000 kwa siku 10, kwenda kwenye maandamano ambayo Martin Luther King Jr. alitoa hotuba yake mashuhuri; kifuani Smith alivaa utepe ulioandikwa uhuru. Debi Thomas alipata shaba Calgary mwaka 1988, medali ya kwanza ya Mwafrika yeyote wa Marekani katika Olimpiki ya majira ya baridi. Shani Davis alishinda mita 1,000 Turin mwaka 2006. Waliofunga milango wakati ule walisema mchezo huu si wa watu weusi. Inasikitisha sana kusikia kauli ileile leo ikitoka midomoni mwetu, tukiwaambia watoto wetu wenyewe.

Kati ya hao wote, wa kufundishia mashuleni ni Erin Jackson. Amezaliwa Ocala, Florida, mji wa joto usiojulikana kwa barafu yoyote. Mchezo wake ulikuwa skeiti za magurudumu, sakafuni na barabarani. Alihamia barafu akiwa mtu mzima tayari, akafuzu Olimpiki ya mwaka 2018 baada ya miezi michache tu ya kuizoea, na Beijing mwaka 2022 akashinda mita 500, mwanamke Mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Olimpiki ya majira ya baridi. Karibu aikose safari: aliteleza kwenye mchujo, na Brittany Bowe, mwenzake wa utotoni kutoka Ocala hiyohiyo, akamwachia nafasi yake. Mji mmoja mdogo wa joto umetoa mabingwa wa barafu kwa sababu ulikuwa na ukumbi wa magurudumu na kocha mzuri.

Hoja ya tatu, ya utajiri, ina punje ya ukweli ambayo sitaificha. Barafu ni ghali. Uwanja wa Panari, kwenye barabara ya Mombasa jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005 ukiwa wa kwanza wa barafu Afrika Mashariki, uko ndani ya hoteli, ni mdogo kuliko uwanja wa kawaida wa hoki, na kuingia ni kwa kulipa. Hata hivyo hapo hapo ilizaliwa timu ya hoki ya Kenya, Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Canada, wakavaa jezi kamili, na upande wao wakapewa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wakubwa wa mchezo huo. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Wengi wa vijana hao walianzia kwenye magurudumu mtaani. Ningekuwa mimi nina fedha za umma mkononi, nisingejenga barafu hata hatua moja. Ningejenga lami, kwa sababu lami ndiyo iliyowalea.

Na gharama ya lami haiwatishi watu wa kawaida. Mwaka 2006 vijana wa Kitintale, mtaa wa kawaida wa Kampala, walichanganya saruji kwa mikono yao wakajenga uwanja wa skeitibodi unaohesabiwa kuwa wa kwanza Afrika Mashariki, bila kungoja wizara. Tangu mwaka 2013 kituo cha Shangilia huko Kangemi, Nairobi, kinacholea watoto waliotoka maisha ya mtaani, kina uwanja wa zege wa aina hiyo. Mitaani kwetu wengi huanza na skeiti za mitumba au za kuazima, jozi moja ikizunguka kwa watu watatu, soksi mbili zikivaliwa pale kiatu kinapozidi mguu. Kule Goma, vijana wanaoshuka mlima juu ya chukudu, skuta kubwa ya mbao iliyopakia magunia, goti moja juu na mguu mmoja ukisukuma, wanajua usawa wa mwili kwenye magurudumu kuliko wengi waliofundishwa kwa ada. Chukudu ni kazi, sidai ni skeiti, lakini nani atawaambia wale kwamba miili yao haikuumbiwa kuteleza?

Inabaki hoja ya uhuni. Hapa ninasema wazi: kudandia gari ukiwa umevaa skeiti ni kuchezea maisha, na kijana anayefanya hivyo anakosea, hata kama dereva anacheka. Skeiti bila kofia ngumu na kinga za viwiko na magoti ni hatari. Sina la kupamba. Lakini kosa hilo linatumiwa kuhukumu mchezo mzima, na dawa inayopendekezwa ni kuwafukuza. Tumewaona walinzi wa majengo wakiwafukuza kwenye maegesho matupu siku ya Jumapili, askari wa jiji wakiwanyang'anya skeiti, wasimamizi wa mitaa wakiweka vibao vya marufuku. Wakifukuzwa kwenye maegesho wanakwenda wapi? Wanakwenda barabarani, kwa kuwa ndiko kwenye lami laini iliyobaki. Aliyewafukuza ndiye aliyewasukuma mbele ya magari, kisha anawaita wahuni.

Marufuku yameshajaribiwa na taifa zima, likashindwa. Mwaka 1978 Norway ilikataza kuuza na kutumia skeitibodi kwa hofu ya majeraha. Marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 1989. Vijana wa Norway hawakuacha: waliingiza mbao kwa siri, wakajenga rampu zao misituni ambako hakuna askari wala gari la wagonjwa. Miaka 11 ya marufuku haikuufuta mchezo. Iliwaondoa tu watu wazima waliopaswa kuwalinda watoto. Hatimaye serikali iliruhusu, na leo Oslo ina viwanja vya skeitibodi vya umma.

Kuna wapinzani wengine ambao nawaheshimu zaidi, kwa sababu wako ndani. Baadhi ya wanaskeiti wenyewe, hasa wa skeitibodi, hawataki mambo ya mashirikisho, alama na jezi za taifa. Wanasema skeitibodi ilizaliwa California kwa watoto wa mawimbi, ikakomaa kwenye mabwawa ya kuogelea yaliyokauka wakati wa ukame wa miaka ya 1970, ikakuzwa na watu waliokataa kupangiwa, na kwamba Olimpiki itaiua roho yake. Wengine walitia saini kuipinga isiingizwe. Ninawaelewa, na sitaki mtoto yeyote apigwe kipenga kila anapojaribu mruko mpya. Ila mwanaskeiti wa Nairobi au Kampala hana bwawa kavu la mtu tajiri la kuvamia. Mwanaskeitibodi wa Marekani Rodney Mullen aliibuni miruko yake ya sakafuni peke yake, bila shirikisho, kwa kuwa alikuwa na sakafu ya kurudia jambo lilelile mara elfu. Uhuru wanaoupenda ulikaa juu ya zege iliyomwagwa na mtu mwingine. Hapa kwetu zege hiyo haitamwagwa mpaka mchezo utambuliwe, uandikishwe na kuombewa fedha, na kwa hilo ninawasihi wakubali kukaa mezani.

Saa ya kukaa mezani imeshafika. Dakar imepangiwa kuandaa Olimpiki ya Vijana kuanzia tarehe 31 Oktoba 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kufanyika Afrika, na skeitibodi imo katika mashindano yake. Los Angeles mwaka 2028 skeitibodi itakuwa mchezo wa kudumu wa Olimpiki. Shirikisho la dunia la michezo ya magurudumu, World Skate, linaziweka pamoja mbio, hoki, skeiti ya sanaa na skeitibodi chini ya paa moja, kwa hiyo nchi haihitaji vyama sita ili ianze. Inahitaji kimoja kinachofanya kazi na kinachojua vijana wake wako wapi.

Ninachokitaka kwa kaunti kinaweza kupimwa kwa utepe wa fundi. Njia ya mviringo ya mita 200, lami laini isiyo na kokoto zilizochomoza, mteremko wa kutoa maji ya mvua, uzio mfupi, taa mbili tatu za jioni. Inatosha eneo ambalo soko la zamani likihamishwa huachwa likiota majani. Mkandarasi yeyote anayejenga barabara anaweza kuimwaga, na ikikamilika itawafaa pia wenye viti vya magurudumu na watoto wanaojifunza baiskeli. Katika shule, uwanja wa mpira wa kikapu uliokwisha kupigwa sakafu unatosha kwa hoki ya magurudumu na skeiti ya sanaa. Kinachotakiwa ni mwalimu mkuu kukubali magurudumu yaguse sakafu ile, na skeiti jozi 10 za kuazimana.

Na pasipo fedha kabisa, Bogotá imeonyesha njia. Tangu mwaka 1974 jiji hilo la Colombia hufunga barabara zake kwa magari siku ya Jumapili, leo zaidi ya kilomita 100, na watu wakatembea, wakaendesha baiskeli na kuteleza kwa skeiti katikati ya mji bila kumwogopa dereva. Kaunti isiyoweza kujenga mwaka huu inaweza kufunga barabara moja Jumapili ijayo, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, kwa askari wachache na vizuizi ambavyo tayari imevirundika kwenye bohari zake.